Ulimi mzito huwafungia milango wahandisi wetu

Imezoeleka katika vyumba vya walimu kusemwa kwamba kompyuta ni ya wale waliozikimbia lugha. Mwanafunzi akionekana mahiri wa hesabu ilhali insha zake hazisomeki, mwalimu humfariji kwa kumwambia asijali, kwani huko aendako ataongea na mashine. Wazazi nao huipokea faraja hiyo kwa mikono miwili. Nimefundisha isimu katika chuo kikuu kwa muda wa kutosha kuuona mwisho wa faraja hiyo, na ninathubutu kusema kuwa haina ukweli. Kadiri mhandisi wa programu anavyopanda ngazi, ndivyo muda wake wa kuongea na mashine unavyopungua na ule wa kuongea na watu unavyoongezeka. Mlango wa kuingilia ngazi hizo za juu, yaani mahojiano ya kazi, ni mtihani wa lugha kwa kiasi ambacho shule zetu hazijakitambua.

Huenda msomaji akajiuliza mtu wa isimu anatafuta nini katika shamba la wahandisi. Kwetu ni Butere, katika Kaunti ya Kakamega, mji mdogo ambako reli itokayo Kisumu hufikia kikomo. Kila Desemba vijana wetu waliosomea kompyuta hurejea nyumbani kutoka Nairobi na kwingineko, na katika miaka ya karibuni baadhi yao wamenijia wakitaka niwasaidie kujiandaa kwa mahojiano. Hawa si vijana wanaotafuta kazi ya kwanza. Ni watu wenye tajriba ya miaka minane, tisa au kumi, ambao sasa wanaomba kuwa wahandisi wakuu, wasanifu wakuu wa mifumo au viongozi wa vikosi vya wahandisi. Kazi yao wanaijua barabara. Kinachowatatiza ni kuyaeleza wanayoyajua mbele ya watu watano wasiowafahamu, kwa muda wa saa moja.

Ni vyema kwanza tufahamu mahojiano hayo yakoje. Mhandisi anayeanza kazi hupewa fumbo dogo, akaandika programu ya kulitatua, nayo mashine ikaonyesha kama amefaulu au la. Kwa mhandisi wa ngazi ya juu mambo hubadilika. Aghalabu hupitia vikao kadhaa. Katika kimoja hutakiwa kusanifu mfumo mzima ubaoni, huku akitetea kila uamuzi. Katika kingine hutakiwa kusimulia kazi aliyowahi kuiongoza: tatizo lilikuwa lipi, alichagua njia ipi na aliiacha ipi, na matokeo yakawaje. Katika kikao cha tatu huulizwa kuhusu watu: alivyomlea mhandisi mchanga, alivyokabiliana na mwenzake mkaidi, alivyotofautiana na mkubwa wake. Hakuna mashine itakayomwambia kuwa jibu lake ni sahihi. Kilichopo ni maneno yake na watu wanaoyapima.

Wapo wanaodhani kuwa huu ni urembo tu ulioletwa na makampuni ya kigeni. La hasha. Tangu wataalamu walipokutana Garmisch, Ujerumani, mwaka 1968, katika mkutano ulioipa taaluma ya uhandisi wa programu jina na umaarufu wake, tatizo la mawasiliano limekuwa likiiandama taaluma hii. Frederick Brooks, aliyeongoza utengenezaji wa programu kubwa ya kuendeshea kompyuta za IBM katika miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Sababu yake mwanafunzi yeyote wa hesabu anaweza kuikokotoa. Watu wanne wakifanya kazi pamoja, njia za mazungumzo baina yao ni 6. Wakiwa kumi, njia ni 45. Wakiwa ishirini, njia zinafika 190. Kila njia ni mahali ambapo neno linaweza kupotea au kueleweka visivyo.

Mwamerika mwingine, Melvin Conway, alidai mwaka huohuo wa 1968 kwamba kundi lolote linalosanifu mfumo hutoa mfumo unaofanana na mpangilio wa mazungumzo ya kundi lenyewe. Idara mbili zisiposemezana, sehemu zao mbili za programu nazo hazitasemezana. Naye Peter Naur wa Denmaki aliandika mwaka 1985 kwamba programu haikai katika maandishi yake pekee, bali katika ufahamu wa watu walioijenga. Watu hao wakiondoka bila kuurithisha ufahamu huo, programu hubakia kama gofu lisilo mwenyewe. Nikiyatazama madai haya matatu kwa jicho la isimu, ninaona jambo moja: kuongoza wahandisi ni kusimamia mazungumzo. Ndiyo maana wanaoajiri viongozi huwasikiliza kwanza wakizungumza.

Tuje sasa hapa kwetu. Kenya si mgeni katika nyanja hii. M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom mwezi Machi 2007. Ushahidi, tovuti iliyokusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, iliundwa na Wakenya na wenzao katika siku chache za Januari 2008, nayo ikaja kutumiwa katika nchi nyingi. Microsoft ilifungua kituo chake cha uhandisi Nairobi mwaka 2019, nayo Google ikatangaza mwaka 2022 kuwa ingejenga cha kwake jijini humo. Nafasi za uongozi zipo, na vijana wetu wanaziomba.

Hata hivyo, tusisahau upande wa pili wa historia hiyo. Programu ya kwanza ya M-Pesa, ile tunayojivunia kama mboni ya jicho, iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Uingereza, na seva zake zilikaa Ujerumani hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Kwa miaka minane, mkulima wa Butere aliyemtumia mwanawe karo alikuwa akipitisha shilingi zake Ulaya pasipo kujua. Silisemi hili kwa kulaumu. Huenda uamuzi huo ulikuwa na sababu zake. Ninalosema ni kuwa maamuzi ya aina hiyo, ya mfumo ukae wapi, umhudumie nani na ushindwe vipi pindi ukishindwa, hufanywa na watu waliofika ngazi ya juu. Ikiwa vijana wetu wataendelea kukwama mlangoni, watabaki kuwa mikono ya kutekeleza yaliyoamuliwa na vichwa vya wengine. Hilo ndilo lililo hatarini, wala si mshahara wa mtu mmoja.

Katika kuwasaidia vijana hawa nimeona vikwazo vitatu vinavyojirudia. Vyote vitatu vina mizizi katika lugha na malezi.

Kikwazo cha kwanza ni kutouliza. Chukua swali ambalo walimu watalielewa mara moja: sanifu mfumo wa kuwafikishia wazazi matokeo ya mtihani wa kitaifa kwa ujumbe wa simu. Vijana wengi huanza kuchora papo hapo. Huchora seva hapa, hifadhidata pale, mshale huku na mshale kule. Kumbe wanaohoji walitaka kwanza kusikia maswali. Watahiniwa ni wangapi? Katika KCPE ya mwisho, mwaka 2023, walikuwa zaidi ya milioni 1.4. Je, wote watauliza katika saa moja baada ya waziri kutangaza? Ujumbe mmoja wa kawaida wa simu hubeba herufi 160. Masomo yote yatatosha humo? Ni nani anayeruhusiwa kuziona alama za mtoto, ikizingatiwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019? Na lililo zito kuliko yote: tukilazimika kuchagua, ni heri ujumbe uchelewe au ni heri ufike haraka ukiwa na kosa? Msomaji atakumbuka kwamba Novemba 2023 baadhi ya wazazi walipokea kwa simu alama zisizo sahihi, hata Baraza la Mitihani likalazimika kutoa maelezo. Mtoto aliyesoma alama zisizo zake hawezi kuambiwa kuwa mfumo ulikuwa mwepesi.

Kwa nini vijana hawaulizi? Kwa sababu tumewafunza hivyo. Kuanzia 1985 hadi 2023, mtahiniwa wa KCPE alipewa swali na majibu manne, akachagua moja. Swali lilikuwa mali ya mtahini. Kulitilia shaka kulikuwa kupoteza wakati. Darasani nako, anayeuliza sana huonekana mzito wa kuelewa au mwenye kumjaribu mwalimu. Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga, nasi tukaifanya methali hiyo kuwa ya kukaririwa tu. Katika mahojiano haya, swali zuri ni nusu ya jibu. Wanaohoji huacha swali likiwa na mapengo kwa makusudi, ili waone kama mgombea ataingia kichwakichwa au atasimama kwanza apime kina.

Kikwazo cha pili ni cha sarufi, nacho kimenivutia kuliko vyote. Kijana mmoja alinijia siku chache kabla ya Krismasi, naye alikuwa amealikwa kwenye mahojiano ya kampuni moja kubwa. Nilimwuliza ni kazi ipi iliyomfanya ajivunie zaidi. Akanijibu, "Mwalimu, tulihamisha hifadhidata yote ya wateja bila huduma kukatika." Nikamwuliza yeye binafsi alifanya nini. "Tulisaidiana, mwalimu." Ilinichukua maswali manne zaidi kugundua kwamba mpango wote ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyependekeza data inakiliwe kwa mafungu usiku, ndiye aliyewashawishi wakubwa waahirishe kazi kwa wiki mbili, na ndiye aliyekesha siku ya mwisho. Yote hayo aliyafunika kwa kiambishi kimoja kidogo: tu-.

Kiambishi hicho si kosa. Ni adabu. Sisi Waluhya, kama majirani zetu wengi, humwona mtu wa kusema "mimi, mimi" kuwa asiye na malezi. Kiswahili nacho kinatuambia kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika chumba cha mahojiano hakuna aliyewahi kukiona hicho chema, hivyo hakiwezi kujiuza chenyewe. Anayehoji, hasa aliyelelewa katika desturi nyingine, akisikia "tulifanya" mara kumi mfululizo huandika katika karatasi yake kuwa mchango wa mgombea haukubainika. Kijana anarudi nyumbani akidhani amekataliwa kwa ajili ya kabila au chuo alichosoma, kumbe ni kwa kiambishi.

Upo uficho mwingine wa sarufi, nao huelekea upande wa pili. Kijana yuleyule akiulizwa kuhusu siku mambo yalipoharibika, husema "mfumo ulizimika", "data ilipotea", "mawasiliano yalikatika". Wanafunzi wa sarufi wanaijua kauli hii ya kutendeka. Uzuri wake, na hatari yake, ni kwamba haimtaji mtenda. Data ilipotea, lakini ni nani aliyefuta? Mfumo ulizimika, lakini ni uamuzi wa nani uliouacha bila akiba? Wanaohoji hawaulizi hivyo ili wamwadhibu mtu. Wanajua kuwa hakuna mhandisi wa miaka kumi ambaye hajawahi kuangusha mfumo. Wanataka kusikia kama mgombea anaweza kutaja sababu bila kukwepa na bila kuwatupia wenzake lawama, kisha aeleze alichobadilisha ili jambo hilo lisitokee tena. Mficha uchi hazai. Na mhandisi anayeficha hitilafu zake hana somo la kuwapa wale atakaowaongoza.

Dawa si kuwafunza vijana majigambo. Dawa ni kuzigawa nafsi kwa haki. Nilimshauri kijana yule asimulie hivi: "Kikosi chetu kilikuwa na watu sita. Jukumu langu lilikuwa kupanga uhamishaji. Nilipendekeza tunakili kwa mafungu. Mwenzangu mmoja alipinga, akaonyesha kwamba njia yangu ingechelewesha ripoti za kila mwezi, naye alikuwa na haki. Tukakubaliana tuanze baada ya ripoti kutoka." Hapo pana ni-, pana a-, na pana tu-, kila kimoja mahali pake. Hajajikweza, hajajificha, na mwenzake amepewa sifa yake. Huo ndio uungwana wenyewe, na ni uungwana ulio sahihi zaidi kuliko ule wa kumezwa na umati.

Kikwazo cha tatu ni kukinzana na mkubwa. Swali lake halikosi kuja: tueleze wakati ulipotofautiana na msimamizi wako. Vijana wengi husema hawajawahi, wakidhani wanajisifia utiifu. Nchini petu mtoto huonywa mapema kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi hata anapoona mkuu akielekea shimoni, hunyamaza. Lakini katika kazi ya mifumo kunyamaza huko ni hatari, kwani mhandisi mdogo ndiye aghalabu aonaye ufa kabla ya ukuta kuanguka.

Hapa ninapingana na wale wasemao kuwa utamaduni wetu haujui upinzani wa staha. Aliyewahi kuketi katika baraza la wazee wakizungumzia mpaka wa shamba anajua jinsi mdogo anavyoweza kumpinga mkubwa. Huanza kwa kulirudia neno la mkubwa kikamilifu, ili ijulikane kuwa amelisikia. Huomba ruhusa. Kisha huleta ushahidi: mti uliopandwa, jirani aliyeshuhudia. Mwisho huuacha uamuzi mbele ya baraza, na ukishatolewa huufuata hata kama haukuwa wake. Hatua hizo nne ndizo hasa wanazozitafuta wanaohoji: je, ulimwelewa mkubwa wako kabla ya kumpinga? Ulileta takwimu au ulileta hasira? Uamuzi ulipokwenda kinyume nawe, uliutekeleza kwa moyo au uliuhujumu? Kijana wetu anazo nyenzo hizo. Hajaambiwa tu kuwa zinafaa pia katika chumba chenye viyoyozi.

Najua kuna watakaonipinga. Wa kwanza watasema kuwa mahojiano haya hufanyika kwa Kiingereza, hivyo mwalimu wa Kiswahili hahusiki. Nami ninajibu kwamba uwezo wa kupanga hoja, kuteua linalotangulia na kulijua la kuachwa hauna utaifa. Isitoshe, hakuna kipimo kizuri cha ufahamu kama kueleza jambo katika lugha ambayo haikukupa maneno tayari. Niliwahi kuwaambia vijana wawili wanieleze kwa Kiswahili, na kisha kwa Kimarama, kazi ya hifadhidata, kana kwamba wanamweleza mama auzaye mboga katika soko la Butere. Mmoja alikwama dakika ya kwanza, kwa kuwa maneno ya Kiingereza yaliyokuwa yakimbeba yaliondolewa chini ya miguu yake. Wa pili alisema ni daftari la madeni ambalo watu elfu wanaweza kuandika kwa wakati mmoja bila yeyote kufuta la mwenzake. Huyo wa pili anaijua kazi yake. Tena tusijidharau: wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kuonyesha mwaka 2004, walipotoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice, kwamba kompyuta inaweza kusema Kiswahili.

Kundi la pili litasema kuwa mahojiano ya namna hii huwapendelea wasemaji na kuwaonea mafundi wapole. Hoja hii ina uzito, na sitaki kuipuuza. Wapo watu stadi sana ambao saa moja haitoshi kuwafungua, na waajiri wenye busara hukubali pia maandishi, kwa mfano waraka wa usanifu ambao mgombea huuandika kwa utulivu kabla ya kukutana nao. Laiti waajiri wengi wangefanya hivyo. Hata hivyo, tusidhani kwamba domo kaya hupita kwa urahisi. Wanaohoji wazoefu huuliza "kwa nini?" mara tatu au nne mfululizo, na debe tupu haliachi kuvuma hadi likajulikana kuwa tupu. Anayefaulu ni yule ambaye chini ya maneno yake kuna kitu. Wajibu wetu ni kuhakikisha kuwa walio na kitu wana na maneno.

Je, shule zinafanya nini? Hapa ndipo ninaposikitika. Mahojiano ni miongoni mwa tungo za kiuamilifu ambazo mwanafunzi wa KCSE hufunzwa kuandika katika karatasi ya insha. Anaandika jina la mhojiwa pembeni, anaweka nukta mbili, anatunga maneno ya pande zote mbili, na anapata alama zake. Anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuhojiwa hata mara moja kwa kinywa. Katika Kiingereza, stadi za kuzungumza hutahiniwa kwa kalamu na karatasi. Fasihi simulizi nayo, hazina yetu kuu ya usimulizi na majibizano, imegeuzwa kuwa orodha ya sifa tano za hiki na umuhimu sita wa kile. Tunapima uogeleaji kwa maswali ya kuandika kuhusu maji.

Si kwamba vipawa havipo. Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere imesikika nchi nzima kwa tamthilia zake, mwaka 2013 na tena mwaka 2025, na mara zote mbili mzozo kuhusu kuigizwa kwake ulifika Mahakama Kuu. Mtu na awe na maoni yoyote kuhusu tamthilia hizo. Hakuna aliyewahi kusema kuwa wasichana wale hawakuweza kusimama na kuzungumza. Tatizo ni kwamba malezi hayo ya jukwaani huwafikia wachache waliochaguliwa, na aghalabu yule binti aliye bingwa wa hesabu na kompyuta huachwa nyuma bwenini akidurusu. Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 umetenga nafasi ya kusikiliza na kuzungumza tangu madarasa ya chini. Hilo ni jema, mradi walimu wasiigeuze nafasi hiyo kuwa zoezi jingine la kunakili ubaoni.

Kwa hivyo ninawapendekezea walimu wenzangu mambo matatu yasiyohitaji fedha. Kwanza, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa kompyuta waunganishe kipindi kimoja kwa wiki mbili. Wanafunzi wapewe tatizo la hapa hapa, kama vile kuweka rekodi za karo, kupanga zamu za maktaba au kuhesabu uzito wa miwa ya wakulima, na kwa dakika kumi za kwanza waruhusiwe kuuliza maswali tu, bila kutoa jibu lolote. Pili, kila mradi wa darasa umalizike kwa simulizi ya dakika tatu ambamo mwanafunzi anataja alichofanya yeye, alichofanya mwenzake na walichokubaliana pamoja. Tatu, kuwe na siku ya hitilafu, ambapo mwanafunzi anaeleza jambo lililomharibikia, sababu yake na alichojifunza, wala asichekwe.

Nanyi vijana mlio vyuoni na mlio kazini, msingoje barua ya mwaliko ndipo mwanze. Andikeni sasa visa sita vya kazi yenu: cha mfumo mlioujenga, cha ulioanguka, cha mkinzano, cha mtu mliyemlea, cha uamuzi mliougeuza, na cha jambo mlilokataa kulifanya. Kila kisa kiwe na hali, jukumu, hatua na matokeo, nayo matokeo yawe na tarakimu za kweli. Kisimulieni kwa sauti kwa mwenzenu ambaye kazi yake ni kuuliza "kwa nini?" hadi mchoke. Kisha kisimulieni kwa mzazi wenu, na mtazameni usoni kama ameelewa. Isomeni kampuni mnayoiendea, mwandae maswali yenu ya kuiuliza, kwani anayetaka kuongoza hukagua chombo kabla ya kukipanda.

M-Pesa yenyewe, ilipokuwa ikijaribiwa kuanzia mwaka 2005, ilikusudiwa kulipia mikopo midogo. Waliokuwa wakiisimamia waligundua kwamba watu waliitumia kupelekeana pesa, nao wakaubadilisha mpango. Msimbo wao haungeweza kuwaambia hilo; waliambiwa na watu, kwa kuwa walikuwa tayari kuuliza na kusikiliza. Mwalimu anayemwambia mtoto wa hesabu kuwa hana haja ya lugha anamnyima stadi hiyo, na pamoja nayo nafasi ya kuamua.